Hesabu ya Mwaka 1871

Huko Ujiji, karibu na Kigoma, pana jiwe la ukumbusho mahali uliposimama mwembe zamani. Chini ya mwembe huo Stanley alimkuta Dakta Livingstone katika mwaka 1871. Wengi wajua habari ya mkutano huo. Lakini hesabu 1871 yenyewe ina habari yake, nayo wachache waijua.

Mchuuzi mwenye mafungu 1870 ya dagaa aweza kuyapanga safu 10 za mafungu 187, au safu 11 za mafungu 170, wala lisibaki hata moja. Akiongeza fungu moja tu, yakawa 1871, hawezi tena kuyapanga katika safu zilizo sawa, ila kwa safu moja ndefu, au fungu moja moja. Hesabu kubwa kuliko 1 isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa.

Je, yajulikanaje kwamba 1871 ni tasa? Si lazima kujaribu kila hesabu toka 2 hata 1870. Kama ingegawanyika, ingepatikana kwa kuzidisha hesabu mbili. Wala hazingeweza kuzidi 43 zote mbili, maana 44 mara 44 ni 1936, nayo imepita 1871. Basi moja ingekuwa 43 au chini yake. Tena, isiyogawanyika kwa 2 haigawanyiki kwa 4 wala kwa 6. Kwa hiyo zatosha namba tasa peke yake: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Ni 14 tu.

Kwa 2 haigawanyiki, kwani si shufwa. Kwa 3 haigawanyiki, kwani jumla ya tarakimu zake ni 17. Kwa 5 pia, kwani haiishi kwa 0 wala 5. Kwa 7 hubaki 2. Kwa 11 hubaki 1. Kwa 13 hubaki 12. Na kadhalika, mpaka 43, hubaki 22.

Tena 1873, 1877 na 1879 ni tasa vilevile. Kumi lenye namba tasa nne ni adimu: baada ya hilo, jingine halipatikani mpaka 2081, 2083, 2087 na 2089.

Katika mwaka 1873 Livingstone alikufa. 1877 Stanley alifika Boma, karibu na mwisho wa mto Kongo. 1879 Mapadre Weupe wa kwanza walifika Ujiji. Lakini mtu asidhani kwamba hesabu ndizo zilizoleta mambo hayo. Waislamu wa Ujiji, wakihesabu kwa Hijra, waliuita mwaka wa mkutano ule 1288. Na 1288 hugawanyika vema, maana ni 23 mara 56. Siku ilikuwa ile ile moja, hesabu mbalimbali. Utasa ni wa hesabu, si wa mwaka. Na mwenye kujua kugawanya hatishwi na anayepiga ramli kwa tarakimu.