Gari Kwanza au Nyumba Kwanza?

Kuna ugomvi mmoja ambao karibu kila wapendanao walio chini ya miaka 40 hapa Kahama wameshaupitia, au wako njiani kuupitia. Hauhusu meseji za usiku wala mawifi. Ni huu: tununue gari kwanza, au tujenge kwanza? Nimeusikia saluni, nimeusikia kwenye send-off, na mpenzi msomaji, nimeusikia sebuleni kwangu.

Naandika nikiwa Nyasubi, moja ya kata za mjini kabisa. Asubuhi hapa utasalimiwa "Mwangaluka!" na watu kumi kabla hujafika dukani, kwa sababu wengi tunatembea. Mwalimu anatembea, nesi anatembea, kijana wa benki naye anatembea akiwa ameshika viatu vyake vizuri kwenye mfuko kwa kuogopa vumbi. Lakini muulize yeyote kati yao ndoto yake, atakwambia kiwanja kikubwa nje ya mji, geti, na IST imepaki ndani. Ndoto nzuri tu, simcheki mtu. Ninachotaka tukitazame leo ni bei yake, maana tunaijumlisha vibaya.

MJI UMEJAA

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 240,000 katika halmashauri yetu. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 450,000. Miaka 10 tu! Katikati hapo, mwaka 2021, mji ukapandishwa kuwa manispaa. Dhahabu ina mkono wake: Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2001, Buzwagi 2009. Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021 wapo waliodhani mji utalala. Haukulala. Mchele upo, maduka ya jumla yapo, na malori ya Rwanda na Burundi bado yanapita hapa usiku na mchana.

Watu wakiongezeka namna hiyo, wa kwanza kufurahi ni mwenye nyumba, na wa pili ni dalali. Anayetaka chumba na sebule Nyasubi, Majengo au Nyihogo anajua utaratibu: kodi ya miezi sita mkononi, wengine wanataka mwaka mzima, halafu dalali naye anataka ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ni wewe, mama mwenye nyumba na mkataba wenu, kama mkataba upo.

Na mpangaji ana mzigo mwingine ambao wengi hawauoni. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni nani? Basi, mkumbushe kwa upole siku ya kulipa. Ni haki yako kurudishiwa.

Mkopo wa benki je? Kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za mikopo ya nyumba, ipo tangu 2010. Lakini hadi mwaka 2022 mikopo ya aina hiyo ilikuwa haijafika 10,000 kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, na riba yake ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19. Sisi wengine tunajenga kwa staili yetu: tofali za mwezi huu, bati za mwaka kesho, madirisha Mungu akijalia.

HESABU YA JIKONI

Sasa njoo na kalamu, ukae na mwenzako. Namba ninazotumia ni za mfano, weka zako.

Tuseme chumba na sebule Nyasubi ni 150,000 kwa mwezi. Huko pembezoni, kwa mfano upande wa Mwendakulima, mnapata nyumba yenye nafasi kama ile kwa 80,000. Hapo kila mtu anasema twende pembezoni, tumeokoa 70,000! Subiri. Nyinyi ni wawili na wote mnafanya kazi mjini. Bodaboda tuiweke 2,000 kwa safari. Kwenda na kurudi, watu wawili, ni 8,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 208,000. Jumlisha na kodi: 288,000.

Wa Nyasubi anatembea kwenda kazini, na tumpe hata 30,000 za bodaboda za mvua na za sokoni. Jumla 180,000. Yule aliyeona amepata nyumba ya bei rahisi anamzidi kwa 108,000 kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni 1,296,000. Hiyo ni mifuko mingapi ya saruji? (Ukisema mtapanda mshikaki mpunguze nauli, nakukumbusha kuna trafiki na kuna wodi ya mifupa.)

Ndiyo maana mtu wa pembezoni baada ya miezi michache anaanza kusema gari siyo anasa, ni lazima. Na hajakosea. Kwa alikohamia ni lazima kweli. IST ya mkono wa pili tuseme milioni 13. Mafuta ya 10,000 kwa siku ni 260,000 kwa mwezi, bado bima, matairi, sevisi na fundi anayekwambia "dada, hii bush imekwisha" kila ukipita. Zile milioni 13 zilikuwa msingi na kuta. Na gari, tofauti na kuta, linashuka bei kuanzia siku unapolipokea.

Nina sababu ya kuijua hesabu hii. Mume wangu alikuja na kiwanja cha mbali, hatua 30 kwa 30, macho yanang'aa.

"Mke wangu, hii ni nusu ya bei ya huku."

"Nimeona. Na mimi kazini nitafikaje?"

"Bodaboda zipo."

"Na nikitoka saa mbili usiku?"

Akanyamaza, kisha akasema nitakuwa nakuja kukuchukua. Ni mwanaume mwema, angekuja kweli. Angekuja mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu angekuja amekasirika. Tulichukua kalamu usiku ule ule. Kiwanja hatukununua.

Hili la saa mbili usiku halimo kwenye daftari la matumizi, na nadhani ndilo zito kuliko yote. Wanandoa wanaoishi mbali na kazi wanaonana wakiwa wamechoka. Anayekwenda kumchukua mwenzake kila siku anageuka dereva, na anayesubiri anageuka abiria anayepiga simu "uko wapi?" Mtoto akiugua shuleni, nani anakimbia? Kwa mama, swali linaongezeka: huyu kijana wa bodaboda ninamfahamu? Ukiwa karibu unarudi mchana, mnakula pamoja ugali wa moto, unarudi kazini. Hilo kwa vijana waliooana juzi ni jambo kubwa, msinifanye niseme zaidi.

MJI ULIOCHORWA KWA MIGUU

Usidhani kupanga mji ambao mtu anaishi vizuri bila gari ni mawazo ya Wazungu. Serikali yetu iliwahi kulichora jambo hili kwenye karatasi. Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu kwenda Dodoma na CDA ikaundwa. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe, uliochorwa na kampuni ya Kanada iitwayo Project Planning Associates, na ndani yake aliyepewa kipaumbele alikuwa mtembea kwa miguu, kisha baiskeli na basi. Kila mtaa mkubwa ulipaswa kuwa na shule na maduka yake, mtu afike kwa miguu. Gari binafsi liliwekwa nyuma ya foleni. Fedha hazikutosha, serikali yenyewe ikachelewa kuhamia, na CDA ilivunjwa mwaka 2017. Dodoma ya leo ni ya barabara pana na magari makubwa. Lakini michoro ile ilikuwepo.

Ujerumani kuna mtaa unaitwa Vauban, katika mji wa Freiburg, uliojengwa kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi la Ufaransa. Huko mwenye gari ananunua nafasi ya kuliegesha kwenye jengo pembeni ya mtaa, tena kwa bei kubwa. Asiye na gari anaandika hati kwamba hana, na halipii. Mantiki yake ni nyepesi: maegesho ni ardhi, ardhi ni pesa, kwa nini asiye na gari achangie?

Rudi nayo hapa kwetu. Kiwanja cha kawaida mnachouziwa kinakadiriwa kwa nyumba, banda la uani, na gari kugeuza. Ukiondoa gari tu, eneo lile lile lingekaa familia mbili. Na ile nyumba yetu ya zamani, ya Kiswahili, korido katikati, vyumba sita na uani nyuma, ilikuwa nini kama siyo nyumba ya watu wasio na gari? Iliwekwa karibu na barabara, na fremu ya duka mbele. Tunaidharau kwa sababu ya choo cha pamoja, na hapo niko na nyinyi, choo cha pamoja sikitaki. Lakini choo kinarekebishika.

Kinachowezekana leo, na vijana wachache wanakifikiria, ni marafiki wawili au watatu kununua kiwanja kimoja cha mjini na kwenda juu. Ghorofa moja, fremu chini, familia juu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ipo tangu 2008, na inaruhusu kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo moja. Hati yako wewe na mwenzi wako, kwa majina yenu wote wawili tafadhali. Ghorofa ina gharama ya nondo na zege, sikudanganyi, lakini bei ya ardhi mnaigawana, na maji, umeme na barabara mnavikuta. Maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yalianza kufika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, lakini bomba halimfuati kila mtu aliyejenga porini. Kabla hujasifia kiwanja cha bei chee, uliza bomba liko umbali gani.

Nina wasiwasi wangu pia. Urasimishaji unapopita mtaani, ugomvi mkubwa huwa ni barabara: nani akatwe ukuta. Nionavyo mimi, siyo kila kichochoro lazima kiwe barabara ya gari. Njia ya mita tatu inapitisha watu, baiskeli, guta na bodaboda bila shida. Ila lazima kuwe na barabara ya kweli karibu, ambako gari la wagonjwa na la zimamoto linafika. Mtaa wa vichochoro vitupu moto ukiwaka ni msiba, na hapo sitanii.

Halafu kuna jua. Kahama siyo Lushoto. Ukimwambia mtu atembee saa saba mchana bila kivuli atakwambia kanunue gari wewe mwenyewe. Lakini mkoa huu ndiyo uliowahi kuifundisha dunia kurudisha miti! Mradi wa HASHI ulianza 1986, wakulima wakafufua ngitili zao, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Equator. Miti tuliyoirudisha malishoni tungeweza kuipanda barabarani. Kahama imo kwenye kundi la kwanza la miji ya mradi wa TACTIC, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, unaosimamiwa na TARURA. Kwenye mkutano wa mtaa wengi husimama kuuliza lami. Nami nimeshaamua swali langu: njia ya miguu iko wapi, na miti itapandwa na nani? Mume wangu anasema nitachekwa.

Tatizo la mwisho mnalijua wote: watu watasemaje. Baiskeli hapa Usukumani ilikuwa heshima. Baba aliyekuwa na Phoenix alikuwa baba. Kabla ya bodaboda kuenea, abiria mjini walibebwa kwenye keria ya baiskeli na hakuna aliyeona aibu. Siku hizi kijana mwenye digrii akionekana juu ya baiskeli, wenzake wanauliza kama amefukuzwa kazi. Na dada zangu, sisi nasi tumo. Tunamuuliza kijana ana usafiri gani kabla hatujamuuliza analala wapi.

Kama kodi yenu inaisha mwezi huu, fanyeni zoezi dogo kabla ya kumpigia dalali. Chukueni matumizi ya nauli na mafuta ya siku 30 zilizopita, ya wote wawili, bila kufichana, ile bodaboda ya Ijumaa usiku nayo iwemo. Iongezeni kwenye kodi. Hiyo ndiyo bei ya nyumba mnayoishi. Kisha chukueni ile ya nyumba mnayoitamani, fanyeni vivyo hivyo, na mwende mkaione saa mbili usiku, kwa miguu kutoka kituoni, mvua ikiwa imenyesha.