Kompyuta Yako, Amri Yao

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ila asiyejiandikisha wala kulipia muda wa ziada hazibiwi tena matundu mapya wanayoyagundua wadukuzi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa nyingi zilizotoka kabla ya 2017 hazimo kwenye orodha yake. Ofisi inayotaka kuongezewa muda ilitangaziwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka hadi wa tatu. Kwa shule au steshenari ya wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, iliyonunua kompyuta ya mtumba, mashine isiyo na kasoro yoyote imefanywa chakavu na uamuzi uliopitishwa makao makuu ya Microsoft huko Redmond, Marekani.

Watetezi watasema, na wana haki, kwamba Windows 10 ilitoka 2015 na hakuna kampuni inayopaswa kuhudumia bidhaa milele. Shida hasa ni kwamba kampuni ikiachia, hakuna mwingine anayeruhusiwa kushika. Msimbo wa Windows umefungwa, na leseni humpa mnunuzi ruhusa ya kutumia, si ya kurekebisha. Tanzania imeshaonja tofauti yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila kuomba kibali kwa yeyote, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria. Kiswahili ndani ya Windows kilikuja kwa uamuzi na ratiba ya kampuni. Msandawe wa Farkwa, hukohuko Chemba, ambaye lugha yake ina wasemaji wachache, atangoja ratiba ya nani?

Wengine huhofia kwamba pasipo mwenye mamlaka mmoja, programu hazitaelewana. Lakini kuelewana hakuhitaji bwana mmoja: katika fedha za simu hapa nchini, Tigo na Airtel zilianza kuunganisha huduma zao 2014, na Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikaingia 2016. Mkubwa ndiye mwenye sababu ndogo ya kufungua mlango. Ndiyo maana mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497, kosa mojawapo likiwa kuwanyima washindani taarifa za kuziwezesha seva zao kuwasiliana na Windows.

Programu huria nazo hazijiendeshi. Linux, mfumo huria unaoweza kushika nafasi ya Windows, inataka fundi, na mtumishi aliyezoea Windows atahitaji kufundishwa upya. Gharama hiyo ni ya kweli, na naona inafaa kulipwa, kwa sababu fedha itabaki kwa vijana wetu waliosomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, na mashine ya zamani itaendelea kulindwa. Halmashauri inaweza kuanzia kwenye mkataba wake ujao wa ununuzi, kwa kutaka nyaraka zote zihifadhiwe katika ODF, muundo ulioidhinishwa na ISO mwaka 2006, unaofunguka kwenye programu huria ya LibreOffice na hata kwenye Word ya Microsoft.