Binti Anataka Shahada Mbili: Je, Tuuze Kiwanja?

Mama msomaji, habari hii ilianzia jikoni. Tulikuwa Chamazi, kule mbele ya Mbagala, Jumapili moja baada ya ibada, nyumbani kwa mama mmoja tunayefahamiana naye kwa miaka mingi. Mwenyeji wetu alikuwa akipika vitumbua vya kuuza jioni, nasi tumekaa kwenye mkeka tukiongea mawili matatu. Mara akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki.

"Hebu nisomeeni hii, dada zangu," alisema. "Baba yake ameshaisoma, naye amesema tuuze kiwanja."

Kiwanja chenyewe kipo upande wa Mbande. Walikinunua kidogo kidogo, fedha ya vitumbua na fedha ya ufundi wa kujenga wa mumewe zikiwekwa pamoja kwa muda wa miaka 6. Ndiyo akiba yao yote. Na barua ile ilitoka chuo kimoja cha Marekani, ikimwarifu binti yao wa kwanza, aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Hisabati, kwamba amekubaliwa kusoma kwa mpango wa shahada mbili: miaka 3 katika chuo hicho, kisha miaka 2 katika chuo kingine cha uhandisi. Ada ya ile miaka 3 ingelipwa karibu yote na chuo. Juu ya miaka 2 ya mwisho barua haikusema neno.

Baba alikwisha kufurahi. "Shahada mbili kwa mpigo! Nani hapa mtaani kwetu anazo?" Shangazi mtu alikuwa na hofu yake, kwamba msichana atarudi amekwisha kuzeeka. (Tulipiga hesabu: ana miaka 19, angemaliza akiwa na 24. Kama huo ni uzee, basi sisi wenyewe tungekuwa tumezikwa zamani.) Lakini mama alikuwa na swali ambalo hakuna aliyelijibu. "Mwanangu anataka kuwa mhandisi. Sasa hao Wazungu wanataka asome na historia, na fasihi, na falsafa. Mtu wa kujenga madaraja, historia ya nini? Si kumpotezea muda tu?"

Tuseme kweli, hata sisi hatukuielewa barua ile vizuri kwa mara ya kwanza. Tukaahidi kuuliza kwa wanaojua, na kurudi.

Mpango wenyewe ukoje

Sisi tumezoea kwamba mtoto akifika sekondari anagawanywa. Huyu wa sayansi, yule wa sanaa. Akifika kidato cha tano anapewa masomo yake matatu, tahasusi, au kombi kama watoto wenyewe wasemavyo, na tangu hapo mtoto wa PCM na mtoto wa HKL hawakutani tena ila kwenye foleni ya chakula. Machi 2024 serikali ilitangaza kuziongeza tahasusi hizo hadi kufikia 65, ili mchanganyiko uwe mpana zaidi. Lakini sisi wazazi bado tuna mawazo yale yale ya zamani: mwenye akili asome sayansi, aliyebaki asome mengine.

Marekani kuna vyuo vingi, vidogo kwa kawaida, visivyokubali mgawanyo huo. Mwanafunzi wa kemia hulazimika kusoma pia lugha ya kigeni, historia, uchumi, maandiko ya washairi na hoja za wanafalsafa. Somo lake kuu analo, lakini hawamruhusu kulijua hilo peke yake. Tatizo la vyuo vya namna hiyo ni kwamba vingi havina karakana wala maabara za uhandisi. Ndipo vikaingia mapatano na vyuo vikubwa vya ufundi: sisi tutamlea miaka 3, tutampa hesabu, fizikia, kemia na hayo mengine, ninyi mtampokea miaka 2 mumfanye mhandisi. Mwisho wa miaka 5 anapata shahada kutoka kila upande. Chuo Kikuu cha Columbia huko New York ni mojawapo ya vinavyopokea wanafunzi kwa njia hiyo.

Mfano mmoja utawapendeza akina mama. Mwaka 1881, mjini Atlanta, wanawake wawili, Sophia Packard na Harriet Giles, walianzisha shule ya wasichana weusi katika chumba cha chini cha kanisa la Friendship Baptist. Siku ya kwanza walikuwa na wanafunzi 11. Watumwa walikuwa wamepata uhuru wao miaka isiyozidi 20 iliyopita, na wengi wa wanafunzi hao walitaka kwanza kabisa kujua kusoma Biblia. Shule ile leo ni chuo cha Spelman. Tangu 1969 vyuo vya watu weusi vya Atlanta vimekuwa na mpango wa shahada mbili za uhandisi, ambapo msichana wa Spelman huanza kwao kisha humalizia uhandisi mahali kama chuo cha ufundi cha Georgia, hapo hapo mjini.

Kwa hiyo barua ile haikuwa ya matapeli, kama jirani mmoja alivyodhani. Mpango upo, na una umri kuliko wengi wetu.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu

Tuliporudi Chamazi kumweleza mwenyeji wetu haya, alisikiliza kwa adabu, kisha akarudia swali lake lile lile. Daraja ni daraja. Historia ya nini?

Tukamwomba atukumbushe yeye mwenyewe alifikaje Chamazi. Maana mama huyu ni mmoja wa watu wa Kurasini. Wakumbukao wanajua: katika miaka ya 2000, eneo la Kurasini lilipotakiwa kwa upanuzi wa bandari, maelfu ya watu waliondolewa. Wenye nyumba walifikiriwa fidia, lakini wapangaji waliondoka na masufuria yao tu. Binti huyu tunayemwongelea alitoka huko akiwa mgongoni.

Baadhi ya waliohamishwa, wengi wao wanawake waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, wakaungana kununua ardhi ya ekari 30 hapa Chamazi, wakaunda chama cha ushirika wa nyumba wakakiita Muungano. Hawakuwa na fedha za mkandarasi. Walifyatua wenyewe matofali yale ya kufungamana, yasiyohitaji saruji nyingi katikati. Wakachimba kisima kirefu. Majitaka, kwa kuwa bomba la mji halikufika, yakatengenezewa mahali pa kuchujwa kwa changarawe na mimea. Nyumba zikapangwa kwa namna kwamba mtu aanze na chumba, aongeze kadiri anavyopata.

"Sasa," tulimwuliza, "mhandisi aliyekuja kuwasaidia angekuwa anajua saruji na nondo tu, ingekuwaje?"

Akacheka. "Angetuchorea nyumba ya vyumba vitatu na karakana ya gari. Tungeitazama kwenye karatasi mpaka leo."

Kisha akaanza kueleza mwenyewe, bila sisi kumwongoza. Kwamba ilibidi mtu ajue kwanza wanawake wanaweka akiba shilingi ngapi kwa wiki. Ajue jiko linataka kuwa nje kwa sababu watu wanapika kwa mkaa. Ajue kwa nini mjane hataki jina la shemeji yake liandikwe kwenye hati. Mambo hayo hayapimwi kwa futi kamba. Anayeyajua ni mtu aliyejifunza jinsi watu wanavyoishi, wanavyorithi na wanavyogombana.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akasema taratibu, "Mama, ndicho hicho ninachotaka kusoma."

Waliopita njia hiyo

Afrika Mashariki tunaye mwanamke anayejulikana dunia nzima aliyelelewa na elimu ya namna hiyo. Wangari Maathai, mtoto wa Nyeri, aliondoka Kenya mwaka 1960 kwenda chuo kidogo cha wasichana huko Atchison, Kansas, kilichoitwa Mount St. Scholastica, chini ya masista Wabenediktini. Alisoma biolojia, na pamoja nayo kemia na Kijerumani. Alimaliza 1964, akapata shahada ya pili Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1971 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Wengi walidhani Kijerumani ni pambo tu kwa mtu wa biolojia. Baadaye alikwenda Ujerumani kuendelea na utafiti wake, na lugha ikawa chombo cha kazi. Na mwaka 1977 alipoanzisha kazi ya kupanda miti, hakuanza na maabara. Alianza na wanawake wa vijijini waliokosa kuni na maji, akawafundisha kuotesha miche. Yaliyofuata, hadi Tuzo ya Nobel ya 2004, tunayajua.

Yuko pia Mghana, Patrick Awuah. Yeye alisoma Swarthmore, chuo kidogo cha Marekani cha elimu pana, akatoka na shahada ya uhandisi na shahada ya uchumi. Alifanya kazi Microsoft, kisha akaacha mshahara ule akarudi kwao kuanzisha chuo cha Ashesi mwaka 2002. Huko mwanafunzi wa kompyuta au wa uhandisi husoma pia maadili, uandishi na historia ya Afrika. Tunamtaja kwa sababu Ghana si Marekani: mzazi anayetaka elimu ya mchanganyiko anaweza kuitafuta bila kuvuka bahari.

Na hapa nyumbani je? Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi kila mwanafunzi pale, hata wa mitambo, alilazimika kusoma somo la maendeleo, yaani jamii, uchumi na siasa za nchi zetu. Wanafunzi wa uhandisi walilinung'unikia sana. Mmoja wao, sasa ni baba wa makamo, alituambia kwamba ndilo somo pekee analolikumbuka akiwa kwenye mkutano na wanakijiji. Tena kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992. Mtu akishakuwa mhandisi na ana mshahara, anaweza kujisomea shahada nyingine pale akiwa kazini na watoto wake nyumbani. Nazo ni shahada mbili, ingawa hazitapigiwa vigelegele uwanja wa ndege.

Kabla ya kuuza kiwanja

Hapa tulizungumza na wazazi wote wawili, na tulisema waziwazi: kwa maoni yetu kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya barua ile jinsi ilivyo.

Msaada wa chuo cha kwanza haumfuati mwanafunzi moja kwa moja hadi chuo cha pili. Ni vyuo viwili, na mifuko miwili. Mtoto anaweza kufika mwaka wa 3 akiwa na alama nzuri, akakubaliwa uhandisi, kisha akakosa ada, naye yuko mbali na kwao. Ada ya mwaka mmoja katika vyuo vikubwa vya kule ni makumi ya maelfu ya dola. Kiwanja cha Mbande hakifiki hata muhula. Na asitegemee vibarua, kwani mwanafunzi mgeni huruhusiwa saa 20 tu kwa wiki za masomo, tena ndani ya chuo. Wala kukubaliwa kwenda chuo cha pili si lazima. Kuna vyuo vinavyoweka alama za kufikia, na vingine humtaka aombe upya kama mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo moja zuri la kumtuliza mama. Mtoto akikwama baada ya miaka 3, mara nyingi anaweza kubaki chuo kile cha kwanza, akaongeza mwaka, akatoka na shahada kamili ya fizikia au hesabu. Lakini hilo nalo liulizwe na lijibiwe kwa maandishi, pamoja na kama msaada utaendelea kwa mwaka huo.

Akirudi, vyeti vyake vitapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa, na ili aitwe mhandisi atapaswa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ni vema kujua mapema kama chuo cha pili kinatambulika.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Ipo mikopo ya Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, nayo hurejeshwa. Na tangu 2022 upo ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana sayansi kidato cha sita. Binti huyu alama zake zinaruhusu kujaribu.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Ni fundi, amezoea kuanza nyumba na kuimaliza miaka inayofuata. Hatimaye akasema, "Lakini paa halisubiri. Ukipandisha ukuta bila fedha ya paa, mvua inaubomoa." Akamwambia bintiye alete daftari.

Wakaandika maswali 7, mama akiyataja na binti akiyageuza kwa Kiingereza. La kwanza lilikuwa: nani atalipa mwaka wa 4 na wa 5? Pamoja na hayo wakaamua maombi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yatumwe wiki hiyo hiyo, dirisha lisije likafungwa wakiwa wanasubiri Marekani.

Tulipoaga, giza lilikuwa linaingia. Mama alihesabu fedha za vitumbua, akampa binti za nauli ya Mbagala na za kulipia maombi. Hati ya kiwanja akairudisha chini ya godoro.