Tofali Zipo, Mbao Zipo, Nyumba Hazitoshi

Ukisimama Ipogolo, pale barabara kuu ya Zambia inapopita chini ya kilima cha mji wa Iringa, malori ya mbao kutoka Mafinga hayakatiki. Msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi ndio msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini, na paa nyingi za Dodoma na Dar es Salaam zimebebwa na mbao za huko. Ukiifuata barabara hiyohiyo hadi ng'ambo ya jiji la Mbeya, unakuta kiwanda cha saruji cha Songwe. Katikati ya miji hiyo miwili, karibu kila kijiji kina udongo unaofaa tofali na mafundi wanaojua kuzichoma, kwa kuni au kwa pumba za mpunga kutoka Mbarali na Kyela.

Hata hivyo, muuguzi aliyepangiwa kituo kipya anashuka stendi ya Nanenane, Mbeya, na wiki yake ya kwanza inaishia mikononi mwa dalali. Anatembezwa Ilomba, Mabatini, Soweto, Block T. Kila mahali analipa hela ya kuonyeshwa, na kila mahali kuna kasoro. Hapa choo ni cha pamoja, pale mwenye nyumba hataki mpangaji mwenye watoto, kule kodi inatakiwa ya mwaka mzima, papo hapo. Akikubali hatimaye kwa kuchoka, dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja.

Sensa inaeleza sehemu ya shida hiyo. Mwaka 2012 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279. Mwaka 2022 walihesabiwa 541,603. Manispaa ya Iringa ilitoka watu 151,345 ikafika 202,490. Kwa pamoja ni ongezeko la zaidi ya watu laki mbili ndani ya miaka 10, bila kuwataja wanafunzi wanaobadilika kila mwaka katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na vingine, ambao hosteli za vyuo haziwatoshi wakamiminika Iyunga, Kihesa na Semtema kutafuta vyumba. Kitaifa, takwimu ambayo Serikali imekuwa ikiirudia ni upungufu wa nyumba milioni 3, unaoongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo ndilo mwenye nyumba mkubwa wa umma, lina sehemu za kupangisha zisizofika 20,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 61.

Nani basi awajengee wananchi? Ukiuliza vijiweni Mwanjelwa au Miyomboni, wengi hawasiti: mtu ajenge mwenyewe. Mwanamume wa miaka 40 anayepanga huulizwa na shangazi zake, tena mbele za watu, atajenga lini. Nyumba inayoheshimika Nyanda za Juu Kusini ina kiwanja chake, migomba au mparachichi nyuma, banda la kuku, na uwanja wa kutosha kuweka turubai siku ya msiba. Hilo la msiba lina uzito kuliko wataalamu wa mipango miji wanavyodhani. Ukimweleza mama wa Uyole habari za ghorofa za bei nafuu, swali lake la kwanza ni wapi waombolezaji watakaa, na wapi sufuria za pilau zitainjikwa. Ni swali la haki, na michoro mingi ya nyumba za gharama nafuu haina jibu lake.

Kwa hiyo nyumba za umma hazikuwahi kuchukuliwa na wengi kama nyumba zao. Shirika la Nyumba liliundwa mwaka 1962, likaanza kwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za bei nafuu, hasa Dar es Salaam. Aprili 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo: jengo la thamani ya kuanzia Sh100,000 ambalo mwenyewe alikuwa halitumii kwa makazi yake lilihamia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Katika miji ya mikoa mengi ya majengo hayo yalikuwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia: duka chini, makazi juu. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Wazee wa mjini hadi leo huzitaja kama nyumba za Msajili, na maana yake vichwani mwao ni nyumba za katikati ya mji, za wenye bahati au wenye kujuana na watu. Kilemba kilishamiri humo: mpangaji wa mwanzo aliondoka na fedha nene, akamwachia mwenzake chumba, huku jina kwenye daftari likibaki lilelile. Shirika lenyewe limewahi kupambana hadharani na wapangaji wanaopangisha wengine. Kijana wa Itiji au wa Mtwivila hakuwahi kuona foleni ambayo yeye naye angeweza kujipanga.

Kuna historia nyingine, ya karibu zaidi na watu wa mikoa hii, ambayo imesahaulika mno.

Mwaka 1972 Serikali iliachana na sera ya bomoabomoa. Hesabu zilikuwa zimeonyesha kwamba nyumba inabomolewa ili ijengwe nyingine ya gharama kubwa, na idadi ya nyumba mjini haiongezeki kwa kiasi kinachohitajika. Badala yake ukaja mpango wa viwanja vyenye huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ingepima viwanja, ichonge barabara, ivute maji, ijenge shule na zahanati. Mwananchi angejenga nyumba mwenyewe kwa kasi ya mfuko wake. Awamu ya kwanza, mwaka 1974, ilichukua miji mitatu tu nchi nzima, nayo ni Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili, mwaka 1977, iliingiza Iringa pamoja na Morogoro, Tanga na Tabora. Mpango ulikuwa na upande wa pili pia: mitaa iliyokwisha kujengwa kiholela haikuvunjwa, ilipelekewa barabara na maji. Miji yetu hii miwili, yaani, ilikuwa darasani tangu siku za mwanzo.

Mkopo nao ulikuwepo. Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa mwaka 1972, na waajiri wakawa wanachangia asilimia 2 ya jumla ya mishahara kwenye mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima. Lakini saruji iliadimika, bei zikapanda, wakopaji wengi hawakurejesha, na viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini vikaishia kwa wenye nafuu zaidi, waliokuwa na uwezo wa kukidhi masharti ya ujenzi. Awamu ya tatu haikufuata. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa. Wakenya wanaobishana leo kuhusu makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu wangefanya vyema kuisoma habari hii ya jirani, kwani inaonyesha wazi kwamba kukusanya fedha ni kazi rahisi kuliko kuhakikisha nyumba inamfikia aliyekusudiwa.

Kilichofuata kiliwaumiza wengi. Kuanzia mwaka 2002 nyumba za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake, katika mikoa yote. Walionunua walifurahi, na hakuna wa kuwalaumu. Waliopoteza ni watumishi waliokuja baada yao: daktari, hakimu, ofisa kilimo aliyehamishwa, ambaye alikuta nyumba ya kituo ni ya mtu binafsi. Mjadala ulifika hadi bungeni. Uingereza ilikuwa imepita njia hiyohiyo tangu sheria ya mwaka 1980 iliyowapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Nyumba zilizouzwa hazikujengwa tena kwa idadi ileile, na foleni ya wasio na makazi ikarefuka. Kuuza nyumba ya umma bila kujenga mbadala ni kumnyang'anya mpangaji wa kesho, na hilo halihitaji uchumi wa chuo kikuu kulielewa.

Wapo wanaosema siku hizi dawa ni mkopo wa nyumba. Tupige hesabu. Riba ya mikopo hiyo imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Mtu akikopa Sh40 milioni kwa riba ya asilimia 17 na kulipa kwa miaka 15, rejesho lake la kila mwezi ni karibu Sh616,000, na mwisho wa safari atakuwa amelipa zaidi ya Sh110 milioni. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni Sh500,000. Mtumishi anatakiwa pia kubakiwa na theluthi ya mshahara wake baada ya makato, hivyo mkopo huo unamhitaji mwenye mshahara wa zaidi ya Sh920,000 asiye na deni jingine lolote. Muuza ndizi wa Kabwe na fundi cherehani wa Mlandege hata kwenye hesabu hiyo hawaingii, kwa kuwa hawana hati ya mshahara. Si ajabu kwamba kufikia mwaka 2023 mikopo ya nyumba nchi nzima ilikuwa haijafika elfu kumi.

Ndiyo maana miji hii inajengwa kwa mapagale. Pita Isyesye au Mkimbizi uangalie nyumba moja tu kwa makini. Msingi una miaka sita. Mawe yake yameshaota ukoka. Kuta zimefika kwenye lenta, tofali za kona zimeanza kumeguka kwa mvua za misimu kadhaa. Upande mmoja umeezekwa mabati machache yaliyoshikiliwa kwa mawe, dirisha limezibwa kwa bati kuukuu, na ndani ya vyumba viwili hivyo familia imekwisha kuhamia, kwa sababu kodi kule walikotoka ilipanda. Juni na Julai baridi ya Nyanda za Juu inapenya kwenye kila ufa. Kila shilingi iliyolala kwenye ukuta ule ni akiba ya mshahara, ya mauzo ya viazi, ya kikoba. Hakuna benki iliyochangia.

Na kiwanja chenyewe mara nyingi kilinunuliwa kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa kilichopimwa kilikuwa ghali. Matokeo yake yalionekana Aprili 2024, pale tope la Mlima Kawetele lilipoporomoka na kufukia nyumba na kuharibu shule katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Watu hujenga milimani na mabondeni wakijua hatari ilipo. Wanajenga huko kwa sababu ndiko fedha zao zinakofika.

Kwa wanaobaki kupanga, kinga ni ndogo. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, ambao nguvu zao hazilingani. Serikali iliwahi kutangaza nia ya kuzuia kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Kwa madalali wa Mafiati hakuna kilichobadilika. Mwaka 2021 kodi ya jengo ilipohamishiwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, kwa Sh1,000 kwa mwezi na baadaye Sh1,500, wapangaji waliambiwa waikate kwenye pango. Wangapi wamethubutu? Anayetumia mita ndiye anayenunua umeme, na mpangaji anayejua kuwa kesho anaweza kuambiwa ahame hugharamia kodi ya mali isiyo yake na kunyamaza.

Wenye nyumba nao wasikilizwe. Wengi wao ni wastaafu na wajane wenye vyumba vinne vya kupangisha, ambavyo ndivyo pensheni yao halisi. Wanadai ya mwaka mzima kwa kuwa wanataka kupiga plasta vyumba viwili vilivyobaki, na hawana pa kukopa. Tatizo la mpangaji na la mama mwenye nyumba lina mzizi mmoja: fedha ya muda mrefu yenye riba inayovumilika haipo kwa watu wa kipato chao.

Sehemu ya ardhi, halmashauri zinaiweza. Wizara ya Ardhi imekuwa ikitoa mikopo isiyo na riba kwa halmashauri kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha viwanja. Tatizo ni kwamba viwanja vikitangazwa, vikubwa na vya bei ya mkupuo, hununuliwa na watu wenye nyumba tayari, wanaoviacha viote majani wakisubiri bei ipande. Hivyo ndivyo viwanja vya miaka ya 1970 vilivyopotea, na hakuna sababu ya kurudia.

Madiwani wa Jiji la Mbeya na wa Manispaa ya Iringa wanaweza kuanza na tangazo lijalo la viwanja. Watenge sehemu yake kuwa viwanja vidogo, vya mita za mraba 200 hadi 300, kwa ajili ya wasio na nyumba wala kiwanja mjini, walipe kidogokidogo kwa miaka mitatu au minne, na majina ya waliopewa yabandikwe kwenye ofisi za kata kila mtu ayasome. Na wewe msomaji unayepanga, mkutano wa mtaa ukiitwa usiuache kwa wenye nyumba peke yao. Nenda ukalidai hilo.