Jeni ikifutwa, kipimo cha malaria kinaweza kudanganya

Neno lenye kukatwa kwa bic mara nyingi linasomeka bado. Katika luga pia hasara ni ndogo: Wakongo wanasema «mutu», pwani walifuta ile «u» wakabaki na «mtu», na wote wanasikilizana. Kwenye jeni ni mambo mengine.

TDR nyingi, vile vipimo vya haraka vya malaria, zinatafuta ndani ya damu protini moja, HRP2, ambayo inatengenezwa na kimelea Plasmodium falciparum. Lakini kuna vimelea ambavyo jeni ya hiyo protini imefutika. Vinagonjesha mutu kama kawaida, ila mustari wa pili unaweza kukosa kutokea, na mugonjwa anarudi nyumbani bila dawa. Watafiti walieleza jambo hili mwaka 2010 kwa vimelea vya Peru. Kisha Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo. OMS inaomba inchi ifanye vile kama kufutika huko kunaficha wagonjwa wa falciparum zaidi ya 5 kwa 100.

Darubini, yenyewe, inaonyesha kimelea chenyewe. Mutoto ambaye homa inaendelea hata kama TDR ilisema hapana, arudishwe kituoni upesi.