Shahada ya Uhasibu na Sanduku la Stakabadhi

Kila mwaka vyuo vya Bujumbura huwatunukia shahada vijana waliosomea uhasibu, na haupiti muda wengi wao huonekana wakizunguka ofisi hata ofisi, bahasha mkononi. Hapo ndipo mvutano huanza. Kijana husema amefuzu; mwenye kazi husema kijana huyo hajui kazi. Basi yafaa kuulizwa kazi yenyewe ni ipi.

Mfanyabiashara wa Bwiza huagiza bidhaa Dar es Salaam. Ankara hufika kwa Kiingereza, bei ikiwa ya shilingi au dola. Karatasi za forodha ni za Kifaransa. Mauzo hufanyika kwa faranga, na wateja wanaokopa huahidi kulipa kwa Kirundi na Kiswahili. Yote hayo huishia katika sanduku moja chini ya meza. Mhasibu anayetakiwa ni yule awezaye kulifungua sanduku hilo na kutoa humo hesabu inayosomeka.

Si jambo dogo. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa nchini Burundi mwaka 2009, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, mwaka ule ule ilipoundwa Ofisi ya Mapato, OBR. Mwenye duka aliyeandikishwa, akiingiza bidhaa zenye thamani ya faranga 1,000,000, ushuru ukiwamo, hulipa forodhani kodi ya faranga 180,000. Akiziuza kwa 1,300,000, humtoza mteja kodi ya 234,000. Serikali humdai tofauti tu, yaani 54,000. Lakini karatasi ya forodha ikipotea hana ushahidi, na aweza kudaiwa 234,000 zote. Hesabu hii kijana aliifanya chuoni bila shida. Kuitafuta karatasi yenyewe ndiko hakuzoea.

Hata hivyo, waajiri nao hawana budi kujitazama. Adaiye uzoefu wa miaka kadhaa kwa kazi ya karani wa hesabu huwa anangojea mtu mwingine amfundishie. Nchini Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa mwaka 1972, haimwandikishi mhasibu wa daraja la CPA kwa mitihani pekee. Hutaka pia awe amefanya kazi. Bwiza ina maduka mengi ya kuanzia. Miezi michache ya kupanga stakabadhi, kwa posho ya nauli na chakula, ingemfaa kijana na mwenye duka pia, wala haihitaji kumkabidhi mgeni ufunguo wa kasha la fedha.