Kituo cha Treni Chenye Jina la Kijana

Katika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, treni hupita chini ya ardhi zikiwachukua watu kwenda kazini na kuwarudisha majumbani. Upande wa kaskazini wa mji huo kipo kituo kiitwacho Guy Môquet. Kilipofunguliwa tarehe 26 Februari 1911 kiliitwa Marcadet, na baadaye Marcadet-Balagny, kwa kufuata barabara zilizo juu yake. Jina la sasa kilipewa mwaka 1946, na sababu yake yafaa kujulikana na kila mzazi na kila askari.

Guy Môquet alizaliwa mwaka 1924. Baba yake, Prosper, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyechaguliwa kuwa mbunge wa chama cha kikomunisti. Vita vilipoanza mwaka 1939 chama hicho kilipigwa marufuku, naye Prosper akakamatwa, na hatimaye akapelekwa kifungoni Algeria.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Paris. Guy aliendelea na kazi za siri za chama. Tarehe 13 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 16, polisi wa Kifaransa walimkamata katika kituo kingine cha treni hizo hizo, Gare de l'Est. Mahakama ilimwachilia Januari 1941, lakini mlango wa gereza haukufunguliwa. Alihamishwa huku na huko hata akafikishwa kambini Châteaubriant.

Tarehe 20 Oktoba 1941 kamanda wa Kijerumani, Karl Hotz, aliuawa mjini Nantes. Guy, aliyekuwa kifungoni, hakuhusika kabisa. Hata hivyo Wajerumani waliamua kuwaua mateka ili kulipiza kisasi. Siku mbili baadaye watu 27 walipigwa risasi Châteaubriant, naye Guy, mwenye miaka 17, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Kabla ya kufa aliwaandikia wazazi wake barua. Alimsihi mama yake awe jasiri, akamtaka mdogo wake asome kwa bidii, na akatumaini kuwa kifo chake hakitakuwa cha bure.

Vita vilipokwisha, barabara ya Balagny ilipewa jina lake, na kituo nacho vivyo hivyo. Hivyo jina la kijana aliyekamatwa katika kituo cha treni lasomwa leo na wasafiri kituoni. Nalo lakumbusha kwamba kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine ni dhuluma, hata ikiwa amri imetiwa sahihi na muhuri.